Naomba ushauri: kufuatilia radi nikiwa Dar

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa wenye uzoefu na mambo ya hali ya hewa.

Nipo Kimara, na vuli hii nafuatilia mawingu ya radi yanayojikusanya mchana upande wa Kisarawe. Nikiona mmweko nahesabu sekunde hadi ngurumo, nagawa kwa tatu, napata kilomita. Kwa radi moja moja ni sawa, ila zikipiga mfululizo sijui ngurumo ipi ni ya mmweko upi.

Nimejaribu programu ya simu inayochora radi kwenye ramani. Mara nyingi ramani tupu huku madirisha yanatetemeka! Picha za setilaiti ninazopata huja kila dakika 15 na zinaonyesha wingu tu. Kinachonifaa zaidi ni redio ndogo ya betri, naiweka AM pasipo na stesheni: kila mmweko, "krrk". Shida ni chaja na taa za LED za wapangaji wenzangu, nazo zinakoroma humohumo usiku kucha.

Maswali yangu mawili. Kuna aliyefunga kipokezi cha Blitzortung, mtandao wa watu wa kujitolea wanaotafuta mahali radi zinapopiga, hapa Tanzania? Wao hupima tofauti ya muda mawimbi ya redio ya radi yanapofika vituo mbalimbali, kwa hiyo nahofia changu kikiwa peke yake hakitasaidia. Pili, antena ya ferraiti ya kipokezi hicho (kijiti kilichozungushiwa waya, kama cha ndani ya redio ya AM) niiweke wapi kwenye nyumba ya bati yenye transfoma jirani na geti? Juu ya paa msinishauri, hapo sipandi.