Naombeni ushauri: bosi anataka muhtasari wa bodi uwe na tarehe ya nyuma

KalamuKavu (mleta uzi)
Wakuu, habari za usiku. Naandika huku mkono unatetemeka, mnisamehe nikikosea herufi. Mimi ni mwanasheria wa ndani wa kampuni, huu mwaka wa sita, na humo humo ndimi katibu wa kampuni. Tumechukua mkopo mkubwa. Benki inadai muhtasari wa kikao cha bodi kilichoidhinisha mkopo kabla mkataba haujasainiwa. Kikao hicho hakikukaa. Mkurugenzi mtendaji anasema niandae tu muhtasari wenye tarehe ya kabla ya mkataba, eti wajumbe wote wanajua, ni karatasi tu.

Bosi wa namna hii unamkataliaje bila kupoteza kazi? Nina watu wanaonitegemea. Naombeni maneno ya kumwambia, msinitukane.

Nahodha77
Kaka, kataa kwa maandishi ukalale. Huyo anayesema leo "ni karatasi tu" ndiye atakayesimama kesho aseme yeye si mtu wa sheria, alimwamini mwanasheria wake.

KijanaWaMezani
Acha kazi, fungua ofisi yako. Kuajiriwa kwa mwanasheria ni kufungwa kamba. Mimi tangu nitoke sijajuta.

MamaRejista
Ukatibu wa kampuni nimeufanya miaka mingi, nisikilize. Watu huchanganya tarehe mbili: siku ya kusaini, na siku ambayo jambo linaanza kuhesabika. Mkataba unaweza kusainiwa leo ukatamka kwamba unahesabika tangu mwezi uliopita, mradi unasema hivyo waziwazi na hakuna anayedanganywa. Muhtasari hauko hivyo. Muhtasari ni ushahidi kwamba watu fulani walikaa siku fulani wakasema kitu. Wasipokaa, hauna cha kushuhudia.

Dawa ipo na haina aibu. Bodi ikae sasa, akidi itimie, ipitishe azimio la kuridhia alichokwisha kufanya mkurugenzi, na tarehe iwe ya siku hiyo. Nchi nyingi zinaruhusu hata azimio la maandishi linalozungushwa kwa wajumbe bila kikao. Unaipelekea benki pamoja na barua inayoeleza kilichotokea. Benki zimeona makubwa kuliko hayo. Kwa nini hamkufanya hivyo?

KalamuKavu
Ahsante mama. Kuna mjumbe mmoja wa bodi hapatani na mkurugenzi, ndiyo ugumu ulipo. Halafu mimi ni dada, si kaka.

ShahidiWaNne
Pole dada. Nilipotoka kwenye ofisi ya mawakili kwenda kuajiriwa nilidhani nimepumzika. Nilikuwa na wateja 40, nikabaki na mmoja. Kumbe huyo mmoja ana vichwa ishirini! Mauzo wanataka mkataba upite leo, fedha wanataka usubiri, rasilimali watu wanataka mtu afukuzwe jana, na kila mmoja anakuita "mwanasheria wangu". Siku niliyoelewa kwamba mteja ni kampuni yenyewe, si anayenisainia likizo, ndiyo siku nilianza kulala. Tangu hapo kila meneja akinijia na jambo lake namwambia kabla hajafungua mdomo: mimi si wakili wako, ni wakili wa kampuni. Wengine hukasirika. Wengine hunishukuru baadaye.

BintiMkataba
Dada, nimekusoma mara mbili. Unasema bosi "anataka". Benki inangoja mpaka lini? Rasimu iko kwa nani? Kuna kitu umekiruka.

KalamuKavu
...

Sawa. Nilishasaini. Alhamisi jioni, wiki iliyopita. Ulishapelekwa.

Kabla hamjanirukia: wajumbe wanne kati ya watano wanakubali: mkurugenzi mwenyewe, na watatu waliomwambia kwa simu. Bodi ingepitisha tu. Fedha zinakwenda kulipa mishahara na wazabuni, hakuna mtu aliyeibiwa. Nimeshafikiri cha kufanya. Nafuta rasimu na jumbe zote za simu, naacha kazi kimya mwisho wa mwezi. Nakala nimejitumia kwenye barua pepe yangu binafsi, ziwe kinga yangu. Sioni kosa, ni kazi ya mikono yangu mwenyewe.

MzeeWaBaraza
Mwanangu, njia ya mwongo ni fupi. Watu hatuachi kazi kimya kimya, tunatoka tukiwa tumesafisha tulipokaa.

PilipiliKichaa
Dada yetu aliomba maneno ya kukataa jambo ambalo ameshalisaini. Ni kama kuomba mwavuli ukiwa umeshalowa. Lakini mvua bado inanyesha, mpeni tu.

BintiMkataba
USIFUTE KITU. Hata ujumbe mmoja. Oktoba 2001 mwanasheria wa ndani wa Arthur Andersen, wakaguzi wa hesabu wa Enron, ile kampuni ya nishati ya Marekani iliyoanguka kwa udanganyifu wa hesabu, alituma barua pepe fupi kuwakumbusha wenzake utaratibu wa kampuni wa kutunza na kuharibu nyaraka. Karatasi zikachanwa. Juni 2002 Andersen ikatiwa hatiani kwa kuzuia haki. Mahakama Kuu Zaidi ya Marekani iliitengua hukumu hiyo mwaka 2005, lakini ilikuwa imechelewa, wateja na wafanyakazi walishatawanyika. Na pale ulikuwa ukumbusho tu. Wewe unataka kufuta kwa mkono wako ukijua sababu.

Na hizo nakala ulizojitumia si kinga. Ni siri za mwajiri, na wewe ni mwanasheria, kwa hiyo una kiapo juu ya mkataba wa kazi. Usiziguse tena. Tafuta wakili wako binafsi, mwambie zipo, yeye aamue.

FundiKesi
Nikazie hapo kwenye wakili binafsi, maana wengi wetu tulioajiriwa tunajidanganya. Tunaandika juu ya barua "siri ya wakili na mteja" tukidhani tumefunga mlango. Mosi, kazi yako ya ukatibu wa kampuni si ushauri wa sheria, kwa hiyo muhtasari haulindwi na kitu. Pili, penye ulinzi, ulinzi ni wa kampuni. Mahakama ya Marekani katika kesi ya Upjohn mwaka 1981 ililinda mazungumzo ya wafanyakazi na wanasheria wa kampuni, lakini haki hiyo ni ya kampuni. Bodi mpya ikiamua kuyaanika, inayaanika, wewe unabaki umesimama. Tatu, katika uchunguzi wa ushindani wa kibiashara wa Umoja wa Ulaya mwanasheria aliyeajiriwa hana ulinzi huo kabisa. Kesi ya Akzo Nobel, Septemba 2010: mahakama ilisema ajira yenyewe inamwondolea uhuru alio nao wakili wa nje. Hukumu ile inaniuma mpaka leo, lakini ukiitazama hali ya dada huyu, utasema walikosea?

JichoLaTatu
Wakuu, mnahangaika bure. Hii ni chai.

Hesabu wenyewe. Wanne kati ya watano wanakubali. Basi akidi ipo na wingi upo. Kikao cha simu cha dakika kumi kingemaliza kila kitu, huyo wa tano apinge apendavyo. Nani anaghushi kikao ambacho angeshinda? Na benki gani inatoa fedha kabla ya azimio la bodi? Hili ni swali la mtihani, mtunzi anakusanya majibu yetu.

PilipiliKichaa
Kama ni mtihani basi FundiKesi amefaulu.

Nahodha77
Kweli, hata mimi hesabu ya wanne ilinigomea. Mleta uzi uko wapi?

ShahidiWaNne
Chai au si chai, nawajua watu waliosaini vitu kama hivi, na hakuna aliyeanzia kwenye ubaya. Wote walianzia kwenye "tusaidie leo tu".

KalamuKavu
Si chai. Natamani ingekuwa chai.

Benki ilitoa awamu ya kwanza kwa sharti kwamba nyaraka zilizobaki zifike ndani ya siku 30. Mara nyingi hufanyika, waliofanya mikopo wanajua. Siku zilikuwa zinaisha.

Na kikao hakikuitishwa kwa sababu huyo mjumbe wa tano ndiye mwenyekiti wa kamati ya ukaguzi. Kikao kikikaa atauliza fedha zinakwenda wapi. Mmoja wa wazabuni wanaolipwa ni kampuni ya shemeji wa mkurugenzi. Sikutaka kuliandika hapa. Nililijua siku ninasaini, nikajiambia si eneo langu.

MamaRejista
Sasa umesema. Hili si jambo la tarehe tena, mwanangu. Mjumbe mwenye maslahi hutakiwa kuyatamka mbele ya bodi, na kwa kawaida hapigi kura kwenye jambo hilo. Ule muhtasari umeruka swali ambalo kikao kipo ili kuliuliza. Na wale watatu waliobaki walikubali kwa simu bila kujua.

Panda ngazi. Baada ya Enron, Marekani walitunga sheria ya Sarbanes-Oxley mwaka 2002, na kifungu cha 307 kinamtaka mwanasheria wa kampuni iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa aripoti uvunjaji wa sheria kwa mwanasheria mkuu wa kampuni hiyo au mkurugenzi mtendaji, na asipopata jibu la maana, kwa kamati ya ukaguzi au bodi. Huenda sheria hiyo haikugusi, lakini ngazi ni ile ile. Na kwako mkurugenzi ndiye tatizo, kwa hiyo unaanza na huyo mjumbe wa tano. Fanya hivyo kabla awamu ya pili haijatoka.

JichoLaTatu
Nakubali la siku 30. Hayo mengine nayaacha.

Lakini kama ni kweli, basi jua kompyuta haisahau. Mwanasheria mkuu wa Bio-Rad, kampuni ya Marekani ya vifaa vya maabara, alifukuzwa mwaka 2013 baada ya kuipelekea kamati ya ukaguzi shaka yake ya rushwa. Kampuni ikaleta tathmini mbaya ya kazi yake, imeandikwa tarehe ya kabla ya kufukuzwa. Taarifa za faili zikaonyesha limetengenezwa baada ya kufukuzwa. Mwaka 2017 baraza la wazee wa mahakama likampa karibu dola milioni 11, ingawa mwaka 2019 mahakama ya rufaa iliondoa sehemu ya ushindi huo. Faili la muhtasari wako nalo linajua lilizaliwa lini.

KalamuKavu
Nimeandika hivi, nirekebisheni:

"Mwenyekiti, muhtasari uliopelekwa benki unataja kikao ambacho hakikufanyika. Sehemu ya mkopo inakwenda kwa mzabuni ambaye mkurugenzi mtendaji ana undugu naye na hakuutamka. Naomba kamati ikutane kabla ya awamu ya pili, na ipate mawakili wa nje wasioripoti kwake. Muhtasari niliusaini mimi, nikijua."

BintiMkataba
Sentensi ya mwisho ipeleke mbele iwe ya kwanza. Asiipate akiwa ameshakuamini kwa hayo mengine. Na usitume kabla wakili wako mwenyewe hajaisoma.

JichoLaTatu
"Hakuutamka" una uhakika nalo? Andika ulichokiona: jina lililo kwenye ankara na jina lililo kwenye rejista ya wenye hisa. Kamati yenyewe itaunganisha.

KijanaWaMezani
Mimi bado nasema fungua ofisi.

KalamuKavu
Mrejesho. Wakili ameipitia, amebadilisha hapo aliposema JichoLaTatu, mengine ameyaacha. Ameniambia pia niwe tayari kupoteza kazi na kuitwa kujieleza kuhusu leseni. Nimeituma saa 4 asubuhi. Simu ya bosi imeita mara tatu, sijapokea.

MamaRejista
Mjibu kwa maandishi, mstari mmoja: jambo liko mbele ya kamati. Usimweleze zaidi. Zile nakala kwenye barua pepe yako je?

KalamuKavu
Nimemkabidhi wakili orodha yake. Sijafuta, wala sijazifungua tena.