Tupeane uzoefu: waliowahi kununua nyumba au kiwanja nchi ambayo si raia wake

Shangazi wa Sohar
Habari za jioni wapendwa. Nimepigiwa simu na mtoto wa kaka yangu yuko Doha, ana furaha kweli, shangazi nimepata fleti Dubai, bado haijajengwa, natoa kianzio halafu asilimia moja kila mwezi mpaka namaliza. Anataka nimwongezee hicho kianzio. Sijamkatisha tamaa ila roho haijatulia, maana huku Oman nimeona watu wakipoteza akiba ya maisha kwa makaratasi waliyosaini bila kuelewa. Aliyenunua nje popote, Dubai, Kenya, Zanzibar, au Bongo akiwa na pasi ya kigeni, aseme kilichomkuta. Vijana wetu wanaisikia sauti ya dalali peke yake.

Kidagaa
Naweka kambi hapa.

Mtoto wa Nesi
Shangazi umenigusa pabaya. Mama yangu ni nesi, ameishi Leicester tangu mimi mdogo, alipochukua uraia wa kule, ule wa Tanzania ukaisha hapohapo maana uraia pacha kwa mtu mzima kwetu haupo. Akataka nyumba ya uzeeni Bagamoyo. Mwanasheria akamwambia wazi, Sheria ya Ardhi ya 1999 asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, na nyumba ya kupumzikia siyo uwekezaji. Basi wakakubaliana na mjomba aandikwe yeye. Na mjomba hakuwa mwizi, hilo naomba mtu asiliguse. Kila bati likipandishwa alipiga picha akatuma, kila mfuko wa saruji una risiti, mpaka misumari. Nyumba ikaisha, vyumba vinne na baraza kubwa mbele, vigae mama kachagua mwenyewe. Halafu mjomba akaanguka ghafla, presha, hakufika hata hospitali.

Baada ya msiba mtoto wake mkubwa akawa msimamizi wa mirathi, akaorodhesha kila mali yenye jina la baba yake na ile nyumba ikiwemo. Si kwa ubaya, yeye anachojua baba alijenga Bagamoyo. Mama akapanda ndege kuja kuweka pingamizi. Nilikaa naye benchi la mbele Mahakama ya Mwanzo, ana faili la plastiki la bluu, ndani risiti za kutuma pesa zimepangwa mwaka kwa mwaka, nyingine wino umefifia mpaka uiinamishe karatasi kwenye mwanga ndo uone namba. Hakimu akazipitia taratibu, akavua miwani, akamuuliza: mama, wewe ni raia wa wapi?

Jamani. Akisema Mtanzania anaidanganya mahakama na pasi iko kwenye mkoba. Akisema Mwingereza, zile risiti zote alizotunza kama dhahabu zinageuka ushahidi kwamba amemiliki ardhi kwa mlango wa nyuma. Nilimwona anashika ncha ya ushungi anaikunja anaikunjua. Akasema kweli. Hakimu akamjibu kwa upole tu, kama unamdai marehemu pesa leta hoja ya deni, lakini kiwanja siwezi kukupa.

Tulimalizia kwenye kikao cha ukoo, na aliyetuokoa ni mjane, Mungu ambariki, alisimama akasema picha za bati nilikuwa naziona kwenye simu ya mume wangu anamtumia dada yake. Nyumba ikauzwa wakagawana, mama kapata kama nusu ya alichotia. Sasa hivi akija likizo anapanga chumba.

Binti Mzaramo
Pole sana. Hili la jina la ndugu limeshavunja familia nyingi mno.

Mpwani254
Pole sana ndugu yangu, Mungu amtie mama nguvu. Lakini hiyo sheria yenu ni kali aki. Si tuko Jumuiya moja? Mimi nilidhani Mkenya anaweza kununua Arusha na Mtanzania anunue Kilifi bila matata.

Karani Mstaafu
Hapana ndugu. Itifaki ya Soko la Pamoja ilipoanza 2010, ibara ya 15 iliacha suala la ardhi lifuate sheria za kila nchi. Na nyinyi pia Katiba yenu ya 2010, ibara ya 65, mgeni mwisho wake ni kukodi miaka 99. Mtanzania kwenu ni mgeni.

Mpwani254
Sawa, lakini miaka 99 si ni afadhali kuliko kunyimwa kabisa?

Mkwe wa Namanga
Afadhali ukiwa mjini. Mzee wangu, baba mkwe, Mtanzania, alinunua shamba upande wa Kajiado, kalipa, kapewa makubaliano yenye mhuri wa wakili, kapanda mahindi. Hakuna aliyemwambia kwamba shamba la kilimo Kenya lazima lipite Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, maombi yapelekwe ndani ya miezi sita, na asiye raia bodi haimpi kibali labda awe na msamaha wa Rais. Bila kibali mkataba ni batili, haijalishi umelipa mpaka senti ya mwisho. Sheria inakuruhusu kudai pesa zako kama deni tu, sasa muuzaji keshanunua ng'ombe na gari, unadai nini? Mzee analipwa kidogo kidogo kwa simu mpaka leo na kuna miezi inapita kimya.

Sukuma Original
Mnashangaa Kenya? Mimi Mtanzania halali wa Mwanza siwezi kupewa ardhi Unguja ila mzungu anauziwa fleti na bahari mbele. Hiyo haki iko wapi?

Mkazi wa Bububu
Usipotoshe watu kaka. Ardhi Zanzibar ni ya serikali, sheria ya 1992 haki ya matumizi anapewa Mzanzibari, na huyo mzungu hajapewa ardhi, amepewa ukodishaji wa fleti kwenye mradi, miaka hadi 99. Fleti hiyohiyo hata wewe unaweza kuinunua.

Sukuma Original
Nikodishwe ndani ya nchi yangu mwenyewe!! Na nyinyi mnajenga Dar mnavyotaka.

Mkazi wa Bububu
Kisiwa kidogo kikiachwa wazi wajukuu zetu watalala wapi? Hilo mnalikwepa kila siku.

Shangazi wa Sohar
Wanangu, Muungano hatutaumaliza usiku huu. Turudi kwenye mada tafadhali, nina mtoto anasubiri jibu.

Abu Salma
Shangazi, mimi nashughulika na makaratasi ya nyumba hapa Deira, Dubai, miaka mingi, nisikilize. Dubai yenyewe ina sheria nzuri. Tangu 2007 kuna Sheria Na. 8, pesa ya fleti ambayo haijajengwa lazima iingie akaunti ya amana ya mradi, siyo mfukoni kwa mtu, na mkataba unasajiliwa Idara ya Ardhi unapewa cheti cha Oqood, yaani usajili wa awali wa fleti ambayo haijakamilika. Tatizo ni dalali anayekukutanisha na mradi kwenye ukumbi wa hoteli na juisi. Juzi tu kaja Mganda mmoja na risiti safi, mhuri, nembo ya jengo, tukasoma mstari wa aliyepokea pesa, ni kampuni ya dalali. Kwenye mfumo wa Idara, fleti ile hana.

Halafu gharama ambazo hawatangazi. Ada ya Idara ya Ardhi asilimia 4 ya bei. Ukinunua iliyokwisha jengwa weka na dalali asilimia 2. Ada ya huduma za jengo kila mwaka inahesabiwa kwa futi ya mraba, fleti ya futi 700 kwa dirham 15 ni 10,500, unalipa uwe na mpangaji usiwe naye. Na ukishindwa njiani mjenzi anakuandikia kupitia Idara, una siku 30, ikipita jengo likiwa limefika asilimia 60 anaruhusiwa kubaki na hadi asilimia 40 ya thamani ya fleti. Ya fleti, siyo ya ulicholipa. Chini ya hapo, ujenzi ukiwa umeshaanza, hadi asilimia 25. Hiyo asilimia moja kwa mwezi ni tamu mpaka siku kibarua kinaota nyasi.

Shangazi wa Sohar
Mwanangu Abu Salma, kumbe keshalipia cha kushikia nafasi. Nimemuuliza sasa hivi, risiti ina jina la mtu.

Abu Salma
Asitume hata dirham moja zaidi. Aangalie mradi kwenye programu ya Dubai REST kama umesajiliwa, na kesho asubuhi anipigie, nimekutumia namba faragha.

Mama Tatu Ruaka
Na shilingi ya Kenya muihesabu. Dirham imefungwa kwa dola, 3.67 kwa dola moja, tangu 1997. Dada yangu alianza kulipa mapema 2023 dola ikiwa kama 123, ikifika Januari 2024 iko karibu 160. Bei ya nyumba haijapanda, ila kwa yeye anayelipwa kwa shilingi ndo imepanda. Aliuza gari.

Jenga Kwenu
Jengeni kwenu mlale usingizi, basi.

Mtoto wa Nesi
Mama alijenga kwao.

Fundi wa Ajman
Mimi napinga kutishana. Nina fleti tangu 2012, niliinunua imeshakamilika, nimeigusa ukuta, mpangaji analipa na watoto wanasoma. Msinunue picha, nunueni nyumba.

Karani Mstaafu
Mtoto wa Nesi, mwambie mama mwaka 2025 Bunge lilipitisha marekebisho ya Sheria ya Uhamiaji na ya Ardhi kuleta hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania wenye uraia wa nje. Aulize ubalozini masharti yake kabla hajamwandika ndugu mwingine.

Mtoto wa Nesi
Ahsante mzee. Nitamwambia, ingawa sijui kama nguvu ya kuanza upya anayo.

Umm Rayyan
Mnaongea kununua tu, hamjaongelea kifo. Fleti ilikuwa jina la marehemu mume wangu peke yake, nusu ya pesa ni mshahara wangu. Alipofariki benki ikafunga akaunti na fleti haikuhamishika mpaka mahakama ya Dubai itoe hukumu ya mirathi. Cheti cha ndoa cha Tanga kigongwe mhuri Wizara ya Mambo ya Nje Dar, ubalozi wa Emirates, Wizara ya huku, kitafsiriwe Kiarabu. Baba mkwe ana sudusi yake, yaani sehemu moja ya sita, ni haki yake ya dini sina ugomvi, lakini ule nusu wangu hauna karatasi. Wanawake wenzangu, mkichangia andikweni wote wawili siku ileile ya kununua.

Mpwani254
Pole mama. Hiyo tafsiri ni yeyote anayejua Kiarabu?

Umm Rayyan
Hapana baba, lazima awe na leseni ya Wizara ya Sheria ya huku. Ya kwanza tulifanyia Tanga ikarudishwa dirishani bila kusomwa.

Binti Mzaramo
Majina mawili yanaruhusiwa kwenye hati moja?

Umm Rayyan
Yanaruhusiwa, na sehemu ya kila mmoja inaandikwa.