Boksi la kadi la kila mwezi: ubunifu unarudije wakati kila kitu kimeshakatwa?

Zuhura_Karatasi
Wadau, boksi la vifaa vya kutengenezea kadi linaloletwa kila mwezi huwa na vipande vilivyokwisha kukatwa, bahasha, mihuri ya plastiki angavu, pedi ndogo ya wino na maelekezo ya picha. Ukiyafuata, kadi zote zinatoka kama mapacha. Kazi inabaki kubandika tu. Nikiongeza manila ya dukani, inapasuka kwenye mkunjo, na muhuri unatoa mabaka. Idi inakaribia, nataka kadi zenye mkono wangu. Nianzie wapi?

fundi_mkunjo
Dada Zuhura, tuanze na manila. Karatasi ina uelekeo wa nyuzi. Ipinde taratibu bila kuikunja, kwa urefu kisha kwa upana. Pale inapopindika kwa urahisi, nyuzi zinalala sambamba na mstari wa mpindo, na mkunjo lazima uende sambamba nazo. A4 nyingi zina nyuzi za kwenda na urefu. Kwa hiyo ikate katikati upate vipande viwili vya sm 14.8 × 21, kila kimoja ukikunje kwenye sm 10.5. Ukiikata kwa urefu, sm 10.5 × 29.7, mkunjo utakatiza nyuzi na rangi itapasuka kirahisi.

Kabla ya kukunja, piga mfuo (mstari uliobonyea wa kukunjia) kwa rula na biki iliyokwisha wino, karatasi ikiwa juu ya gazeti lililokunjwa. Tuta linalotokea upande wa pili ndilo liwe ndani ya kadi. Wengi hukunja kinyume. Tumia manila ya gramu 250 hadi 300 kwa mita ya mraba. Ikiwa nyepesi sana kadi haisimami vizuri mezani.

Angalia bahasha pia. Za vipimo vya Kimarekani ni kama sm 11.1 × 14.6, na kadi yako ya sm 14.8 haiingii. Punguza urefu uwe sm 14.

BiMwanaWino
Mabaka kwanza. Muhuri mpya una utando wa mafuta, wino unajikusanya vitone vitone. Uoshe kwa sabuni, uukaushe, uusugue kidogo kwa ufutio. Pedi ndiyo igongwe juu ya muhuri, mara kadhaa kwa wepesi. Weka sponji nyembamba chini ya karatasi, kandamiza wima, usiuyumbishe, kisha inua moja kwa moja. Usiuanike juani, unageuka njano na kukakamaa.

Kuhusu ubunifu: tengeneza kadi mbili tu kama picha, mkono ujue vipimo, kisha weka maelekezo mbali. Mwaga vipande vyote mezani uvipange kwa rangi, usivipange kwa kadi. Jiwekee mpaka: rangi tatu, muhuri mmoja. Mpaka huo ndio unaokulazimisha kufikiri, kwa sababu vitu vikiwa vingi unaishia kuvirundika tu.

Na tafadhali usitupe maganda ya karatasi yanayobaki baada ya kung'oa maua na majani. Hayo ni violezo vya bure! Laza ganda juu ya kadi, chovya sponji kwenye wino, anza kugusa juu ya ganda lenyewe kisha zungusha kuingia ndani ya tundu. Ukianzia tunduni, mguso wa kwanza unaacha doa zito lisilofutika.

Zuhura_Karatasi
Shukrani sana. Tatizo jingine: mihuri yote ina maneno ya Kiingereza pembeni ya ua.

BiMwanaWino
Funika maneno kwa selotepu, tia wino, bandua selotepu, ndipo ugonge. Litatoka ua peke yake. Pale palipobaki wazi andika "Idi Mubarak" kwanza kwa penseli laini, upitishe kalamu, usubiri ikauke kabisa kabla ya kufuta.

fundi_mkunjo
Ukibandika kipande kikubwa juu ya kadi, epuka gundi nyeupe ya maji. Inavimbisha karatasi na kadi inajikunja. Selotepu ya pande mbili, mm 3 kutoka ukingoni.