Diklofenaki ya kila siku: ndizi mbichi, pilipili, tangawizi au omeprazoli?

Kibao_Mbuzi: Wakuu, naomba ulinganisho. Mgonjwa ana miaka 66, tatizo ni magoti. Anatumia diklofenaki, dawa ya maumivu, miligramu 50 kutwa mara mbili, na ameandikiwa aspirini ndogo ya 75 kwa ajili ya moyo. Mtaani kila mtu ana mmea wake wa kulinda tumbo. Kipi kinalinda kweli, na kwa kiasi gani?

Zamu_ya_Usiku: Mkuu, tuanzie kwenye chanzo. Diklofenaki na aspirini haziumizi tumbo kwa kuligusa tu. Zinazuia utengenezaji wa prostaglandini, jambo ambalo mtafiti John Vane alilionyesha mwaka 1971. Prostaglandini ndizo zinazodumisha ute, baikaboneti (inayopooza asidi) na damu ya kutosha kwenye ukuta wa tumbo. Kwa hiyo hata ukichoma sindano, kidonda kinaweza kuja, maana dawa inafika tumboni kwa njia ya damu. Mmea wowote uulizwe swali moja: unarudisha ute na damu, au unatuliza kiungulia tu?

Mzuzu: Kwa ndizi kuna kitu. Mwaka 1984 watafiti walionyesha kwamba unga wa ndizi mbichi za kupika unazuia vidonda vya aspirini kwa panya wa maabara; ndizi mbivu hazikufanya kitu. Baadaye kiambata kikatajwa: leukosianidini. Ukitaka unga, chukua ndizi za kijani kabisa, menya, kata vipande vyembamba, anika kivulini penye upepo, kisha saga. Zilizoanza kuwa njano ziweke kando, hizo ni za futari. Ila kipimo cha binadamu hakijathibitishwa. Uji wake ni chakula kizuri, usiuhesabu kama dawa.

Dkt_Kijiweni: Pilipili imefika mbali zaidi, ilipimwa kwa watu. Singapore, 1995: watu 18 wenye afya walimeza gramu 20 za unga wa pilipili kwa maji, nusu saa baadaye aspirini miligramu 600, na baada ya saa 6 tumbo likatazamwa kwa kamera. Majeraha yalikuwa machache kuliko walipokunywa maji matupu. Kapsaisini, kiambata kinachofanya pilipili iwashe, huamsha neva zinazotanua mishipa ya damu tumboni. Lakini gramu 20 ni vijiko viwili vikubwa na zaidi, na hilo lilikuwa jaribio la dozi moja. Mzee anayekunywa diklofenaki miezi sita hayumo humo.

Kibao_Mbuzi: Tangawizi na manjano je?

Zamu_ya_Usiku: Tangawizi inasaidia kichefuchefu. Kwa wingi, pamoja na aspirini, inaweza kuongeza tabia ya kuvuja damu. Manjano hufyonzwa kidogo sana. Watu huongeza pilipili manga ili ifyonzwe, wakasahau kwamba piperini, kiambata cha pilipili manga hiyohiyo, inachelewesha ini kuvunja baadhi ya dawa. Mzizi wa likorisi auepuke kabisa: kiambata chake, glisirizini, kinapandisha presha na kushusha potasiamu, na diklofenaki nayo inapandisha presha.

Dkt_Kijiweni: Mmea uliofika hadi kuwa kidonge ni ule wa Korea Kusini, dondoo la Artemisia asiatica lenye eupatilini, miligramu 60 kutwa mara tatu. Ni ndugu wa pakanga, si pakanga yenyewe. Chai ya pakanga ya nyumbani haichukui nafasi yake.

Mti_Dawa: Omeprazoli, ile dawa ya kupunguza asidi, nayo inaharibu mwili. Mimea ni salama zaidi.

Zamu_ya_Usiku: Ikitumika miaka mingi inaweza kushusha magnesiamu na vitamini B12, kweli. Lakini umri zaidi ya 65, diklofenaki na aspirini kwa pamoja ni hatari kubwa ya kutoka damu. Kwa hiyo omeprazoli miligramu 20, nusu saa kabla ya kifungua kinywa, chembe za kapsuli zisisagwe. Akinywa baada ya kula inapungua nguvu, kwa sababu inazima pampu za asidi zile ambazo chakula kimeziamsha. Na haikingi utumbo mwembamba.

Dkt_Kijiweni: Mnabishana kuhusu kinga, wakati dawa yenyewe haimfai. Kama ana ugonjwa wa mishipa ya moyo, mamlaka ya dawa ya Ulaya iliikataza diklofenaki kwa watu hao tangu 2013. Amuulize daktari wake kuhusu jeli ya asilimia 1, gramu 4 kwa kila goti, hadi mara nne kwa siku. Inayoingia kwenye damu ni takriban asilimia 6 ya ile ya vidonge. Aspirini ya moyo asiiache mwenyewe.

Mzuzu: Apime na kinyesi kwa Helicobacter pylori, bakteria wa vidonda vya tumbo. Omeprazoli isimame wiki mbili kabla ya kipimo, antibiotiki wiki nne, la sivyo majibu yanaweza kudanganya. Kuisimamisha huko apange na daktari, hasa kama diklofenaki bado inaendelea.

Zamu_ya_Usiku: Na asisubiri maumivu. Vidonda vya dawa hizi kwa wazee mara nyingi haviumi. Choo cheusi kinachonata kama lami, matapishi ya rangi ya kahawa au kizunguzungu akisimama: hospitali siku hiyohiyo.