Pedi na kampaundi gani kwa Mark X nyeusi yenye mikwaruzo ya kuoshewa?

Mkazi wa Tabata

Wakuu, habari za majukumu. Nina Toyota Mark X ya mwaka 2008, nyeusi, niliyoiagiza kutoka Japani. Ilipotoka bandarini ungeweza kunyolea ndevu kwa kujitazama kwenye mlango wake. Leo, baada ya miaka mitatu ya kuoshewa kando ya barabara kwa kitambaa kilekile kinachofutia ringi, boneti, paa na buti vimejaa mikwaruzo midogo ya mviringo ambayo jua likiwaka huonekana kama utando wa buibui. Hakuna mahali palipobanduka wala kupauka, na ukipitisha kucha haikwami popote, isipokuwa kwenye mkwaruzo mmoja mrefu wa mlango wa nyuma wa kushoto.

Nimeamua kuifanya kazi hii mwenyewe. Nimenunua mashine ya DA, ile ambayo pedi inazunguka huku ikiyumba, yenye myumbo wa milimita 15 na sahani ya milimita 125. Nina pia chupa mbili za kampaundi (dawa ya kung'arishia rangi) ya Meguiar's, yaani M105 na M205, pamoja na pedi nne zisizo na jina la kampuni: ya njano, nyeupe, nyeusi na moja ya sufu. Muuzaji alinihakikishia kwamba ya njano ndiyo laini kuliko zote na ni ya kumalizia. Jirani yangu, ambaye amewahi kung'arisha magari, alipoziona alicheka akasema kwamba ya njano ndiyo kali, na kwamba nikimalizia nayo nitajuta. Naomba kujua nani mkweli, nianze na pedi ipi kwa kampaundi ipi, na nitajuaje kwamba nimekula rangi kupita kiasi.

Fundi wa Njiro

Ndugu yangu, muuzaji na jirani yako wanaweza kuwa wakweli wote wawili, kwa sababu hakuna sheria inayowalazimisha watengenezaji wa pedi kukubaliana kuhusu rangi. Pedi ya njano ya Lake Country ni ya kukata, tena ni miongoni mwa sponji zao kali. Ya njano ya Meguiar's ni ya kung'arisha, yaani ya katikati. Na ya njano ya Rupes ni laini, huja baada ya bluu na kijani. Mtu aliyezoea kampuni moja akipewa pedi ya kampuni nyingine atafanya kinyume cha alichokusudia na hatagundua mpaka gari litoke nje juani. Kwa hiyo sahau rangi, tumia kidole gumba. Bonyeza kila sponji katikati kisha achia: ile inayokataa kubonyea na kurudi haraka ni ya kukata, inayobonyea kwa ukinzani wa wastani ni ya kung'arisha, na inayozama kama godoro lililochakaa ni ya kumalizia. Kwa kuwa seti yako ina njano, nyeupe na nyeusi, nadhani imeiga mpangilio wa Lake Country, na jirani yako ndiye atakayeshinda. Lakini amini kidole chako kuliko nadhani yangu.

Sasa kuhusu gari lenyewe. Tafuta kibati cha utambulisho kwenye chumba cha injini, usome mstari ulioandikwa C/TR. Namba ya kwanza ndiyo ya rangi. Ukikuta 202, basi una nyeusi ya Toyota ambayo sisi tunaoishika kila wiki tunaifahamu kwa ulaini wake. Ulaini huo una faida na hasara. Mikwaruzo hutoka upesi, ila pedi yenyewe nayo huacha alama upesi, hata kitambaa kibaya cha kufutia kinaweza kuacha alama. Watu wengi hushindwa hapo: wanaondoa utando wa buibui kwa kampaundi kali, halafu wanabaki na ukungu wa kijivu walioutengeneza wenyewe, nao kwa kuudhani kuwa ni mikwaruzo iliyobaki wanaongeza ukali zaidi.

Chupa ya M105 iache kabatini kwa sasa. Dawa ile ilitengenezwa kwa ajili ya kazi nzito, kiasi cha kuweza kuondoa alama za msasa wa namba 1200, na mikwaruzo ya kuoshewa haijafikia hapo hata kidogo. Isitoshe, hukauka haraka na kutoa vumbi, na katika joto la Dar es Salaam utahangaika nayo. Anza na M205 juu ya pedi ya katikati, ambayo kwako huenda ni nyeupe. Chagua eneo la sentimita 50 kwa 50 kwenye boneti, lizungushie tepu ya karatasi, ulifanyie kazi hilo peke yake mpaka upate jibu. Ikiwa mikwaruzo imepungua sana na mng'ao umerudi, umeshapata mchanganyiko wako. Ikiwa haijatosha, badilisha pedi kabla ya kubadilisha dawa: weka ya kukata kwa M205 ileile, utazame tena. Pedi hubadilisha ukali wa dawa kuliko wengi wanavyodhani. M205 juu ya sponji ngumu na M205 juu ya sponji laini ni kama dawa mbili tofauti, na ndiyo maana swali la "kampaundi ipi" halijibiki bila kutaja pedi.

Utajuaje umekula rangi kupita kiasi? Bila kipimo cha unene, kwa kweli hutajua mpaka umechelewa. Rangi yote ya kiwandani, kuanzia praima hadi juu, kwa kawaida ina unene wa takriban maikroni 100 hadi 150 (maikroni elfu moja ni milimita moja), yaani haizidi sana karatasi moja ya kutolea kopi, na kliya, lile tabaka angavu la juu, ni kama maikroni 35 hadi 50 tu kati ya hizo. Kliya ndiyo inayobeba kinga dhidi ya jua, kwa hiyo kila unapong'arisha unapunguza kitu ambacho hakirudi isipokuwa kwa kupiga rangi upya. Ukiweza kuazima kipimo, pita nacho gari zima kabla ya kuanza. Panapoonyesha zaidi ya 200 pana uwezekano mkubwa kwamba paliwahi kupigwa rangi upya, na panapofika maelfu pana puti, ile ya kujazia mabonyeo, chini yake. Kumbuka tu kwamba vipimo vya kawaida havisomi juu ya bampa, kwa kuwa bampa ni plastiki.

Mzee wa Changamwe

Mwanangu, nimesoma na nimefurahi kwamba hamjambo. Mimi ni mpiga rangi, si mng'arishaji, na kazi yangu imenifunza kuiheshimu sufu. Gari likishatoka kwenye msasa wa 2000, hakuna sponji itakayoshindana na pedi ya sufu juu ya mashine ya rotari, ile inayozunguka tu bila kuyumba: inakata haraka, na kwa kuwa nyuzi zake zinapitisha hewa, bodi haishiki joto kama inavyoshika chini ya sponji ngumu. Vijana wa siku hizi huizungumzia sufu kana kwamba ni tezo la kuchongea ngalawa, na hapo simwafiki fundi wa Njiro aliyeiruka bila kuitaja.

Lakini kwako wewe, kwa nyeusi laini na mikono ambayo bado haijaizoea kazi, naungana naye kwamba sufu haina mahali. Itaacha mistari inayocheza kwenye mwanga, ile wanayoiita hologramu, na utalazimika kupita mara mbili zaidi kuifuta. Hata ule mkwaruzo wa mlangoni nisingeushughulikia kwa sufu wala kwa mashine. Ukucha ukikwama, maana yake mkwaruzo umeshuka sana ndani ya kliya au umeshaivuka. Kuufuatilia hadi chini ni kuibomoa kliya yote inayouzunguka. Pita juu yake kwa sponji ili kingo zake zilainike na zisinase mwanga, kisha uishi nao.

Jambo moja ambalo fundi hakuligusa ni kona. Rangi hukaa nyembamba kwenye kila mkunjo wa bodi, kwenye ukingo wa boneti na kwenye mstari wa mlango, kwa kuwa ikiwa mbichi hujivuta kuondoka kwenye ncha. Nayo mashine hukandamiza zaidi papo hapo. Magari mengi yaliyoletwa kwangu yakiwa yameng'arishwa mpaka rangi ya chini ikatokeza yalitobokea konani, si katikati. Ziba kingo zote kwa tepu ya karatasi, umalize kwa mkono. Bampa nayo iendee polepole, kwa sababu plastiki haiondoi joto kama bati, na mara nyingi ndiyo sehemu iliyowahi kupigwa rangi upya, hata katika gari ambalo umeambiwa halijaguswa.

Ile kampaundi ya kopo inayouzwa kwenye maduka ya vipuri usiifikirie kabisa. Mchanga wake ni mkubwa na hausagiki, na ni ya kazi yetu sisi wa gereji, tena kwa rangi mpya iliyokwisha kukauka, si kwa gari la kutembelea.

Ruaraka Detailing

Naongeza yale ambayo, kwa uzoefu wangu wa Nairobi, huharibu kazi hata pale mtu alipochagua pedi sahihi.

Kwanza ni usafi. Kabla ya kugusa mashine, osha kwa ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia glavu, kisha pitisha udongo wa kusafishia rangi ukiwa umelowesha bodi vizuri. Punje moja ya mchanga iliyonaswa chini ya pedi itachora duara kila inapozunguka, nawe utailaumu M205 bure.

Pili, mashine ya DA yenye myumbo wa milimita 15 huacha kuzunguka ukiikandamiza kupita kiasi. Inabaki kuyumba tu, na kuyumba peke yake hakukati. Chora mstari mmoja wa kalamu ya wino mzito ubavuni mwa sahani inayobeba pedi, ili uone kwa macho kama inazunguka. Weka kasi kwenye namba 4 au 5 kati ya 6, uisogeze kwa mwendo wa sentimita 2 hadi 3 kwa sekunde, kila mstari ukifunika nusu ya ule uliopita. Paka dawa uso mzima wa pedi mara ya kwanza, baada ya hapo matone manne madogo yanatosha kwa kila eneo. Waliozoea kupiga polishi kwa mkono humwaga dawa nyingi mno, na pedi iliyolowa huteleza badala ya kukata.

Tatu, msiamini mng'ao kabla ya kuufuta. Mafuta yaliyomo ndani ya dawa huziba mikwaruzo kwa muda, na gari linalopendeza jioni huweza kurudi na utando wake baada ya kuoshwa mara mbili. Changanya isopropili (aina ya spiriti) sehemu moja na maji sehemu tatu, nyunyiza, futa kwa kitambaa safi cha maikrofaiba, kisha mulika kwa tochi ukiwa kivulini. Hapo ndipo utajua kama jaribio lako limefaulu. Na mwenye kuagiza mashine kutoka Marekani asome kibati chake kwanza: nyingi ni za volti 120, na soketi zetu za 230 huziunguza siku ya kwanza. Mimi nilipoteza moja hivyo, nikakaa wiki nzima bila kumwambia mtu.

Mkazi wa Tabata

Shikamoo mzee wa Changamwe, na asanteni wote. Narudi na majibu. Kibati kinasema 202. Kidole gumba kimempa jirani ushindi: ya njano ni ngumu kama soli ya kandambili, na ndiyo niliyokuwa nimepanga kumalizia nayo.

Nilianza saa kumi na mbili asubuhi chini ya paa la bati, wakati bodi bado ni baridi. M205 juu ya pedi nyeupe, mapito manne, iliondoa karibu utando wote katika eneo la majaribio, lakini nilipofuta kwa isopropili na kumulika niliona ukungu mwepesi ambao sikuuona kabla. Ningekuwa sijasoma maelezo ya fundi, ningeshika ile ya njano. Badala yake nikaweka pedi nyeusi kwa M205 ileile, nikapita mara mbili karibu bila kukandamiza, na ukungu ukaondoka. M105 haijafunguliwa bado. Boneti na paa vimekamilika. Mkwaruzo wa mlangoni umebaki, ingawa sasa inabidi uutafute.

Swali moja limebaki. Kufika katikati ya paa pedi nyeupe ilikuwa ya moto na imejaa uji mweusi, na kazi ikaanza kuwa mbaya. Je, naiosha na kuendelea, au nilipaswa kuwa na nyingine?

Fundi wa Njiro

Ulipaswa kuwa na nyingine, tena tatu au nne za aina hiyohiyo kwa gari zima. Huo uji ni dawa iliyochoka ikichanganyika na kliya uliyoiondoa, na ikikauka ndani ya sponji inageuka kuwa msasa usioupangia. Baada ya kila eneo, washa mashine kwa kasi ndogo huku umeishikia pedi brashi ya nailoni ya nywele laini, uchafu utatoka. Ikishapata joto hadi katikati, iweke pembeni na uchukue nyingine.

Jioni zioshe zote kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, uzikamue bila kuzisokota, uzilaze kivulini uso ukiangalia chini ili maji yasikae kwenye gundi inayoshika kitambaa cha mgongoni. Usizianike juani. Gundi ile ikilainika, pedi huchomoka kwenye sahani mashine ikiwa inazunguka, na sahani tupu ikigusa nyeusi ya 202 itakubidi umtafute mzee wa Changamwe.