Rwanda watu 503 kwa kilomita ya mraba, Namibia hawafiki 4: tofauti hii inatokana na nini?

Mwalimu wa Kidato cha Tatu:
Salaam, wanajukwaa. Ninafundisha jiografia, na sasa tumefika kwenye mada ya mtawanyiko wa watu barani Afrika. Nimewapa wanafunzi matokeo mawili ya sensa: Rwanda mwaka 2022 ilihesabu watu 13,246,394 katika eneo la kilomita za mraba 26,338, yaani watu 503 kwa kila kilomita ya mraba, ilhali Namibia mwaka 2023 ilihesabu watu 3,022,401 katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 824,000, ambao hawafiki hata 4. Kitabu cha kiada kinataja hali ya hewa, rutuba ya udongo na shughuli za kiuchumi, kisha kinaishia hapo. Mwanafunzi mmoja aliuliza kwa nini basi Gabon, yenye mvua tele, haifikishi hata watu 10 kwa kilomita ya mraba, na sikuridhika na jibu nililompa. Aidha, orodha tunazozipata mtandaoni hazikubaliani kuhusu nchi ileile moja. Naomba msaada wenu.

Mpima Ardhi:
Mwalimu, nianze na hilo la orodha kutokubaliana, kwa kuwa ndilo jepesi. Msongamano ni hesabu ya kugawanya, na watu wengi hubishana kuhusu idadi ya watu bila kuuliza imegawanywa kwa eneo gani. Chukua Malawi, ambayo sensa yake ya 2018 ilipata watu 17,563,749. Ukigawa kwa eneo lote la nchi, kilomita za mraba zipatazo 118,500 pamoja na ziwa, utapata watu 148. Ukiliondoa ziwa na kubaki na nchi kavu ya kilomita za mraba 94,000 na ushei, utapata 186. Watu ni walewale, ila jibu la pili limeongezeka kwa robo. Kwa Tanzania pengo ni dogo zaidi: watu 61,741,120 wa sensa ya 2022 ni kama 65 kwa kilomita ya mraba pamoja na maji, na takribani 70 kwa nchi kavu pekee. Hakuna jibu la uongo hapo, mradi mwandishi aseme amegawa kwa nini, jambo ambalo orodha nyingi hazilifanyi.

Halafu kuna idadi yenyewe. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo haijafanya sensa tangu 1984, na ya mwisho nchini Nigeria ilikuwa 2006. Kwa hiyo takwimu za nchi hizo mbili kubwa ni makadirio, na kila taasisi ina makadirio yake. Wanafunzi wasishangae kuona tofauti ya mamilioni.

Mkulima wa Nyanda za Juu:
Kuhusu sababu, sidhani kama kitabu cha kiada kimekosea. Kimekatisha maelezo tu. Namibia ina jangwa la Namib pwani nzima na Kalahari upande wa mashariki, na mito yake inayotiririka mwaka mzima iko mipakani tu. Rwanda iko juu, sehemu kubwa ikiwa zaidi ya meta 1,500 kutoka usawa wa bahari, inapata misimu miwili ya mvua, na kwa miaka mingi ubaridi wa milima yake ulipunguza malaria. Mahali ambapo familia inaweza kuvuna maharage mara mbili kwa mwaka na kula ndizi wakati wote, eneo dogo hulisha watu wengi.

Gabon ni suala jingine. Mvua nyingi kupita kiasi huchuja rutuba ya udongo, na msitu unaofunika zaidi ya asilimia 80 ya nchi ni mgumu kuufyeka na hauwafai ng'ombe kwa sababu ya mbung'o. Mchango wa mvua kwa msongamano una kikomo: ikipungua sana watu huhama, na ikizidi sana kilimo cha nafaka hushindikana. Ndiyo maana maeneo yenye watu wengi ndani ya bara letu, kuanzia nyanda za juu za Ethiopia hadi Kivu na Burundi, yako katikati ya hali hizo mbili.

Mwenyeji wa Kagera:
Nakubaliana na ndugu hapo juu kwa sehemu, lakini maelezo ya mvua na udongo yanakwama mara tu unapovuka mpaka wa kwetu. Mkoa wa Kagera una nchi kavu ya kilomita za mraba takribani 25,000, karibu sawa na Rwanda nzima, unapakana nayo, na mvua si haba. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 2,989,299, yaani kama 118 kwa kilomita ya mraba, chini ya robo ya msongamano wa jirani. Mpaka uliochorwa na wakoloni haukuipa Rwanda mvua ya ziada.

Sehemu ya jibu iko kwenye historia. Sotoka ya miaka ya 1890 iliua ng'ombe wengi Afrika Mashariki, malisho yakageuka vichaka, na vichaka vikaleta mbung'o na malale. Maeneo yaliyobaki bila watu baadaye yaliweza kutengwa kwa ajili ya wanyamapori, na leo Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato inachukua sehemu ya ardhi yetu. Upande wa Rwanda mambo yalikwenda kinyume: mwaka 1997 serikali iliimega Hifadhi ya Akagera kwa karibu theluthi mbili ili kuwapa makazi wakimbizi waliokuwa wamerejea. Kwa hiyo msongamano ni uamuzi wa kisiasa pia. Hifadhi ya Nyerere peke yake, yenye kilomita za mraba zaidi ya 30,000, inaizidi Rwanda nzima kwa ukubwa, na eneo hilo lote limo katika wastani wa Tanzania.

Hata ndani ya Bukoba wastani unadanganya. Kibanja cha migomba na kahawa, kinachorutubishwa kwa samadi vizazi kwa vizazi, kinabeba nyumba zilizosogeleana, na ukitoka hatua chache unaingia kwenye rweya, nyika ya majani yenye udongo dhaifu ambako hakuna anayejenga.

Mwalimu wa Kidato cha Tatu:
Nawashukuru sana, hilo la Kagera na Rwanda litakuwa zoezi la kesho. Ninafikiria kuwapa ramani ya nukta badala ya ile ya kupaka rangi nchi nzima. Nukta moja iwakilishe watu wangapi?

Mpima Ardhi:
Nukta moja kwa watu 100,000 inafaa, mwalimu. Namibia itapata nukta 30, na nyingi ziwekwe kaskazini karibu na mpaka wa Angola na mjini Windhoek. Misri, yenye watu zaidi ya milioni 100 katika kilomita za mraba takribani milioni 1, itahitaji nukta zaidi ya 1,000, na karibu zote zifuate Mto Nile na delta yake, kwa maana takribani asilimia 95 ya Wamisri wanaishi kwenye asilimia 5 hivi ya nchi. Tatizo litakuwa Rwanda: nukta 132 kwenye eneo ambalo katika ramani ya bara halizidi ukucha. Chora pembeni kisanduku cha ramani iliyokuzwa ya Maziwa Makuu, na Kagera iwemo.