"Throw in the towel": hilo taulo hurushwa na nani?

Mgeni_wa_Lugha: Wakuu, salaam. Bosi kaniandikia "don't throw in the towel" kuhusu kazi iliyonishinda. Kwamba nisikate tamaa, hapo nimeelewa. Ila taulo? La kuogea au?

KonaNyekundu: La ndondi, mkuu. Kila bondia ana watu wake pembeni ya ulingo, na ndoo, maji, taulo la kumfuta jasho na damu. Wakiona mtu wao anapigwa tu na hajikingi tena, wanalirusha ulingoni ili pambano liishe. Enzi za ngumi za mikono mitupu kule Uingereza kilichorushwa kilikuwa sponji, na karne ya 19 watu walisema "throw up the sponge". Taulo limeshika nafasi yake mwanzoni mwa karne ya 20.

Nimekaa kona miaka mingi, na msemo huu unavyotumika unanikera. Watu wanadhani bondia ndiye anayejitoa. Atarushaje, na mikono imo kwenye glovu? Anayerusha ni kocha, tena mara nyingi bondia mwenyewe hataki. Februari 2020, Las Vegas, Tyson Fury alikuwa anamsulubu Deontay Wilder. Raundi ya 7 Mark Breland wa kona ya Wilder akarusha taulo. Wilder alikasirika kweli, na baadaye Breland akaondolewa kwenye timu. Kwangu mimi Breland alifanya kazi yake.

Mzee_wa_Raundi: Na refa akiliona ni lazima asimamishe?

KonaNyekundu: Inategemea sheria za mahali. Juni 1938, Yankee Stadium, New York, Joe Louis alimshukia Max Schmeling kama mvua ya mawe. Kocha wa Schmeling, Max Machon, akarusha taulo. Refa Arthur Donovan akaliokota akalitupa pembeni, maana New York hawakulitambua. Sekunde chache baadaye akalimaliza pambano mwenyewe, raundi ya kwanza hata haijaisha.

Mgeni_wa_Lugha: Kumbe! Basi kwa hesabu hiyo mwenye taulo ni bosi, si mimi?

KonaNyekundu: Ndiyo hivyo. Mjibu kwamba wewe bado unarusha ngumi, ila yeye aliye kona aangalie kama unaona vizuri. Na alete maji.

Mzee_wa_Raundi: 😂 Akifukuzwa kazi tutajua ni nani aliyemshauri.